Laptopu Iliyowagomea Wazee

Esteria alikuwa na uchovu wa kukaa, ambao ni mbaya kuliko wa kulima, kwa sababu hakuna anayekupa pole. Ujanani alikuwa mchapaji kwenye ofisi ya chama cha ushirika pale Bariadi. Biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi na kila mwenye mizani akaanza kununua, ushirika ulikosa hata wino, naye akapunguzwa kazini pamoja na viti. Akauza vitumbua, akauza mitumba, akachoka navyo vyote. Baadaye kampuni za simu zilipoongezeka na intaneti ikafika mjini kwetu, alikodi vyumba viwili karibu na stendi, akaweka mashine ya fotokopi, ruta na laptopu moja, akaandika ukutani kwamba anapiga simu za picha hadi ng'ambo.

Vijana walipigia simu zao chumba cha mbele, mezani, laptopu ikiwa kwenye chaja. Wazee aliwatendea tofauti. Alilelewa kujua kwamba mtu mzima hasemeshwi mambo ya nyumbani kwake mbele ya watu wanaosubiri fotokopi. Mzee akifika, Esteria alichomoa chaja, akaibeba laptopu mikononi hadi chumba cha nyuma penye kiti cha kamba na pazia. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Ilikuwa adabu yake tu, na ilimpa raha kidogo katika siku zisizo na raha nyingi.

Balaa ni kwamba netiweki ilikuwa inasumbua, tena kwa kuchagua watu. Kijana angeongea na mchumba wake wa Dar mpaka aishiwe maneno. Mzee akikaa tu, picha inaganda, sauti inakuja vipandevipande, au inafika wakati mwenyewe ameshahamia jambo jingine. Esteria alizima ruta, akaiwasha. Aliipandisha juu ya kabati, akaishusha, akaigeuzia upande wa mnara. Alilaumu mawingu. Fundi wake, Novatus, alikuja mara kadhaa, akakaa pale pale mezani, akaijaribu, akasema mashine ni nzima kabisa. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba wazee wana dawa mwilini, na hirizi zao ndizo zinazoikorofisha laptopu. Esteria hakuamini, lakini alifika mahali akajikuta anawakagua wateja wake shingoni na mikononi, na jambo hilo lilimtia aibu.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Nyanjige wa Mwamapalala, ambaye Esteria alimwita mayu, kama mama yake mzazi. Mwanawe wa kwanza, Masele, alikuwa China, alikokwenda kusomea ujenzi wa barabara na kubaki huko kikazi. Aliondoka bila kumuaga baba yake, mzee Magese, aliyetaka abaki na ng'ombe. Sasa mzee alikuwa kitandani, hali wala hanywi, na ombi lake lilikuwa moja, amwone Masele kabla hajafa. Kwa simu ya mkononi vocha ilikuwa inaisha kabla salamu hazijaisha. Ndiyo maana Nyanjige akaja kwa Esteria.

Mara ya kwanza hakuambulia hata salamu za maana. Alimwona mwanawe amemkodolea macho, kimya, na sauti ya kumwamkia ilipokuja, mama alikuwa ameshaumia. Kwao mtoto hamtazami mama yake usoni namna ile bila salamu. Esteria alimweleza kuwa ni netiweki. Nyanjige akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyeelewa na asiyetaka kubishana.

Safari ya pili hakumumunya maneno. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akamwambia Masele kwamba baba yake anakwisha, kisha akamuuliza.

"Utakuja, au nikamwambie asikungoje?"

Masele alimtazama. Mdomo haukutikisika, hata kupepesa hakupepesa. Nyanjige alingoja, na nyuma ya pazia Esteria naye akangoja. Mwishowe mama yule alijifunga kanga yake vizuri, akainuka.

"Nimejionea mwenyewe," alisema. "Hana la kusema."

Hakukubali kukaa tena, gari la Mwamapalala lilikuwa linaondoka. Esteria aliirudisha laptopu mezani kwa unyonge, akachomeka chaja kwa mazoea tu. Masele akatikisika kwenye kioo.

"Mayu? Nimesema nakuja. Mayu, mbona hunijibu?"

Esteria alikimbia hadi stendi na kandambili zake, akakuta vumbi. Alirudi akamwita Novatus, akamsimulia yote, na kwa mara ya kwanza fundi akauliza kama kule chumba cha nyuma kuna umeme. Hakukuwa na soketi hata moja. Basi akamweleza kwamba laptopu ikiwa kwenye betri hubana matumizi ya umeme, na hii yake ilikuwa inakibana kile kinachoshika netiweki. Akabofya hapa na pale, ikawa imekwisha. Esteria alikaa anamtazama, amejaa hasira isiyo na wa kutupiwa.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Mwamapalala. Alimkuta Nyanjige uani anapepeta mtama, akamwambia kwamba Masele alijibu, na kwamba anakuja. Nyanjige hakuweka ungo chini.

"Nimeshamwambia baba yake kuwa mtoto amenyamaza," alisema. "Tangu hapo kageukia ukutani. Mimi siwezi kumpelekea habari ya pili. Ingia wewe."

Esteria aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia mzee, akaeleza kila kitu. Alieleza habari za chaja na za chumba cha nyuma, kwamba alimpeleka mayu huko ili asiseme ya nyumbani kwake mbele ya watu, na kwamba Masele alisema anakuja, akarudia na kurudia, na hakuna aliyemsikia. Mzee Magese alisikiliza hadi mwisho bila kugeuka.

"Kwa hiyo ulimheshimu mno mke wangu," alisema.

"Ndiyo, baba," Esteria alijibu, na machozi yakamtoka.

Mzee akaanza kujigeuza, taratibu, mkono kwanza na bega baadaye, mpaka akatazama mlangoni.

"Mwambie nitamngoja," alisema. "Ila asinichoshe."