Depite na Kaburi la Mzee wa Jirani

Wajukuu wangu wakimwona mwanasiasa kwenye televisheni ameteleza ulimi, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Minye sicheki. Nimeshaona mdomo wa mtu mkubwa unafanya nini.

Wakati ule Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Tulikaa kambi ya wafanyakazi, Shituru, moshi wa kiwanda unaingia mpaka ndani ya bukari, ugali wetu. Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa mama mmoja wa watu wa kaskazini. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Watu wake na watu wetu ni watani tangu mababu. Bombani namwambia ana sura ya chungu kilichoungua, yeye anasema mume wangu aliniokota kwenye majivu. Akifa mtu kwao, sisi ndio tunachimba kaburi, na kabla hajashushwa tunamtukana mpaka wafiwa wacheke. Akifa wa kwetu, kazi hiyo ni yao. Asiyetukanwa na watani hakuzikwa, ametupwa tu. Kazi hiyo niliiweza. Walikuwa wananifuata hata kutoka Kakanda.

Siku moja akaja depite, mbunge wetu, mtoto wa kwetu, na suti nyeusi, akapanda jukwaa kwenye kiwanja cha mpira. Majandarme walisimama nyuma yake na bunduki. Aliwaona watu wa kaskazini, ambao hawakutaka Katanga ijitenge, wamekaa upande mmoja, akataka kuwachekesha. Akainamia kipaza sauti.

"Na nyinyi ba kule, mashimo yenu tulisha kuchimba. Tunangoya mufe tu."

Ni maneno ya watani, hata minye nimeyasema. Lakini yanasemwa kilioni, uso kwa uso, na mwenzako anakurudishia. Mtu mwenye bunduki mgongoni, nani atamrudishia? Waliopiga makofi ni vijana wa chama.

Kesho yake alisema kwenye radio kwamba ulikuwa utani. Asubuhi hiyohiyo vijana walikuwa wanapita na majembe begani, wanagonga milango ya wa kaskazini na kuuliza watu wana urefu gani.

Wiki hiyo baba yake yaya akafa. Hakuna aliyemgusa, alikuwa mzee, kifua kilimchosha. Mume wangu alichukua jembe akasimama nje ya ua wao, kama desturi. Kaka zake yaya wakamwambia arudi nalo nyumbani. Walimchimbia baba yao wenyewe. Sijawahi kuona watoto wanachimba kaburi la mzazi wao, na jasho linawatiririka usoni badala ya machozi.

Nilienda makaburini hata hivyo. Mume wangu akanifuata, jembe mkononi, hakujua aliweke wapi. Watu walitupisha kama unavyopisha mbwa usiyemjua. Sanduku lilikuwa kwenye kamba tayari. Yaya akanitazama.

"Mutukane, mukwetu. Baba anangoya."

Nikasema, "Weye mzee, hata kufa umechelewa. Bukari ulitumalizia, na bado umetoka na tumbo."

Lilikuwa tusi zuri. Zamani wangeanguka chini kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Kaka mmoja alikuwa anaangalia lile jembe. Yaya akasema imetosha, wakalegeza kamba.

Waliondoka na treni kabla matanga hayajaisha, magodoro yamefungwa kwa kamba zilezile. Nilimbebea yaya sufuria mpaka stesheni. Nikamwambia sufuria yake ni nyeusi kama yeye. Akasema ndiyo, akapanda. Wa kaskazini wengine wakafuata, nyumba kwa nyumba.

Kiangazi kilichofuata mama yake depite akafa. Akatuma gari litafute watani katika kambi zote, mpaka Mwadingusha. Gari likarudi tupu. Majandarme ndio walichimba. Nilikuwepo. Mama wa watu alishushwa kimya, na depite alikuwa anageuka kila mara kuangalia njia.

Mume wangu naye alizikwa hivyohivyo, kimya. Jembe lake ninalo. Wajukuu wanalimia mihogo.