Kopo la Pélagie

Emerance alikuwa mwanamke wa kutii, na kutii kwake ndiko kulikomponza. Aliishi Kindu enzi za Wabelgiji, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, na mumewe Florentin na binti yao Pélagie. Mtoto huyo alipoachishwa ziwa alianza kuvimba miguu, nywele zikageuka nyekundu, hata kucheza akaacha. Emerance aliingiwa na hofu isiyo na kifani, maana hakuwa na mtoto mwingine.

Zahanati ya watawa iligawa maziwa ya unga. Mtawa wa Kizungu alimpima Pélagie, akasema mwili wake unakosa chakula cha kuujenga, akampa mama yake kopo.

"Umunyweshe asubui na magaribi, mama. Atapona."

Hakusema zaidi, na Emerance hakuuliza. Nani angemhoji Mzungu siku zile?

Pélagie akanywa. Tumbo likamjaa upepo, likanguruma, kisha akaanza kuhara maji matupu. Hapo ndipo balaa ilipoingia. Kwao Emerance, ugonjwa wa tumbo ulitolewa kwa kibuyu: mgonjwa aliingizwa maji ya majani kwa nyuma mpaka uchafu wote utoke. Basi alipomwona mtoto anahara, alifurahi, maskini wa Mungu.

"Dawa njo inafanya kazi," alimwambia Florentin. "Acha uchafu itoke."

Tena anayesafishwa tumbo ana mwiko wake: hali samaki, hali karanga, hagusi mafuta ya mawese. Emerance akaushika mwiko huo barabara. Pélagie akabaki na maziwa na uji mwepesi wa muhogo.

Jirani yao Bernadette alikuwa na mtoto, Isidore, aliyevimba vilevile na kuhara kwa maziwa yaleyale. Huyo mama alikuwa mkaidi wa kupigiwa mfano. Alilipeleka kopo lake kwa Hamisi mwenye duka, akarudi na samaki wakavu na karanga. Emerance alipojua, alikuja juu.

"Mama Isidore, unauzisha dawa ya mutoto? Kweli, sikio la kufa halisikii dawa!"

Akaenda kumshitaki kwa mtawa. Bernadette akanyimwa maziwa, na mgawo wake akapewa Emerance, kwa kuwa ni mama mwema. Pélagie akanyweshwa maradufu. Akakonda juu, akavimba chini, macho yakazama. Alikufa mchana, mama yake akimwinua kichwa ili anywe.

Matangani Bernadette alikuja bila kinyongo, akiwa na bakuli la samaki kwa mchuzi wa karanga, Isidore akimfuata. Emerance aliitazama miguu ya mtoto yule. Ilikuwa mikavu, ina vumbi la kukimbia.

"Mama Isidore, ule uvimbe yake ilienda wapi?"

"Ilikwisha."

"Ulimupa nini?"

Bernadette aliinamia bakuli, akaona haya kulijibu swali lile kwa mfiwa.

"Hii tu, Mama Pélagie. Samaki na karanga. Maziwa niliacha, na kuhara ikaisha."

Emerance akalisukuma bakuli kando.

"Alikuwa analilia samaki," akasema. "Kila siku alikuwa analilia samaki, na miye nilimuchapa."