Kifaa Kilichovishwa Kaniki

Mwalimu wa baiskeli wa Mwanza hakutaka maneno. Kaka yangu alipompigia simu kumwambia kwamba mdogo wake ana mbio, alijibu kuwa kila siku anapigiwa na kaka za watu. Alikuwa na nafasi moja kambini kwake. "Nitumie rekodi ya mashindano yenyewe," alisema. "Mazoezini kila mtu ni bingwa."

Nilifurahi. Mtu asiyetaka maneno alinifaa. Mimi niliishia darasa la saba, na mbele za watu hata salamu hunitoka kwa shida.

Tulianza kurekodi kwa simu ya kaka. Niliiweka mfukoni nikazunguka njia yetu ya mazoezi nje ya Bariadi. Tulipofungua ramani, mstari ulipita katikati ya lambo.

"Ulipanda mtumbwi?" kaka aliniuliza.

Kisha tukaazima kile kifaa ambacho wenye bodaboda hukificha kwenye pikipiki ili wajue dereva yuko wapi. Kilijua nilipo, lakini kiliandika mara chache mno. Kati ya nukta na nukta kilichora mstari ulionyooka, kona zote zikapotea. Na mbio ziko kwenye kona: umeshika breki wapi, umeachia wapi, umetoka na mwendo gani. Mwishowe fundi simu wa sokoni akatupatia kifaa kidogo kilichotumika, cha watu wa mbio za magari, ambacho huandika mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kilikuwa na kasoro moja: kifuniko cha tundu la kuchajia kilikuwa kimepotea.

Tulijifunza kukitumia polepole. Kabla ya kuondoka lazima kikae mahali peupe mpaka kinase satelaiti na taa ya kijani ianze kuwaka na kuzima. Chini ya kiti kilikosea, kwenye usukani kilikuwa sawa. Kilinionyesha kwamba kwenye mteremko wa mchanga nilishika breki mapema mno, kwa woga. Nikaacha. Sikuwahi kuonyeshwa kosa langu bila kupigiwa kelele.

Mashindano yalikuwa Malampaka, pamba ikiwa imeshauzwa na barabara ni vumbi tupu. Kaka alihofia lile tundu. Alichana kipande cha kaniki kuukuu ya mama, akakifunga kifaa chote, akakaza kwa mpira wa tyubu.

"Hapa vumbi litapiga hodi lirudi," alisema.

Kwetu hata mtoto anajua kifurushi cheusi kilichofungwa hivyo hutoka kwa nani. Sisi wawili tulikuwa tunafikiria vumbi tu.

Asubuhi ile kaka alikwenda kunisubiri na maji korongoni, katikati ya njia ya mashindano, mbali na uwanja. Mimi nilisimama peke yangu pembeni ya uwanja, nimekiinua kifaa juu kwa mikono miwili, kimya, nikingoja satelaiti. Kisha nikakifunga kwenye usukani, nikaenda kwenye mstari.

"Wewe, umefunga nini hapo?" aliuliza mwendeshaji mmoja wa pale pale, mwenye kofia nyekundu.

"Kifaa."

"Kifaa gani kinavaa kaniki?"

Watu wakacheka. Mwingine akapaza sauti, "Nilimwona anakionyesha mbinguni! Hiyo ni bugota, ametoka nayo kwa mganga!"

Msimamizi alikuja, mzee wa makamo, mpole. "Ng'wanawane, mwanangu, fungua tuone."

Niliuvuta ule mpira wa tyubu. Kaniki ilipofunguka, ile taa ya kijani ikaonekana.

"Kinakonyeza!" alipiga kelele mwenye kofia. "Baba, mimi sipandi baiskeli na hicho kitu hapa."

"Kinafanya kazi gani?" msimamizi aliniuliza.

"Kinaandika mwendo."

"Kwa kalamu gani?" mtu alidakia, na kicheko kikaanza upya.

Nilikuwa na ya kusema. Ningeweza kuwaambia habari ya mwalimu, ya nafasi ile moja, ya lile tundu. Kaka angeyasema yote huku akiwachekesha. Mimi nilitazama tairi la mbele.

"Hata kama si bugota," msimamizi alisema, "wenzako hawataanza. Nitakutunzia." Akakiweka chini ya meza yake, na kaniki yake.

Sijawahi kuendesha kama siku ile. Kwenye mteremko wa mchanga sikugusa breki hata mara moja, na kila mzunguko nilimsikia kaka akiita jina langu korongoni. Nilimaliza wa pili, nyuma ya kofia nyekundu kwa urefu wa tairi.

"Bila ile bugota angekuwa wa pili?" mtu alisema. "Imebaki mwilini."

Nilirudishiwa kifaa kabla kaka hajafika kutoka korongoni, naye akatuma rekodi bila kuifungua. Alidhani nilikuwa nacho mbio zote, na mimi nilichelewa kusema. Jibu la mwalimu lilikuja kabla hatujafika nyumbani: "Mbona hapa hujaondoka?"

Kaka alimpigia akamweleza yote. Mwalimu alicheka, akasema hadithi za namna hiyo anazo nyingi. Baadaye tulisikia nafasi imekwenda kwa kijana mwingine.

Siku hizi nabebea watu maji kwa baiskeli ile ile. Nilijaribu mashindano mengine Maswa, bila kifaa chochote. Walinipekua mpaka ndani ya soksi, wakicheka, na nilipoanza miguu haikuwa na kitu.

Rekodi ya Malampaka bado iko kwenye simu ya kaka. Wakati mwingine naifungua. Ni nukta moja, mashindano mazima. Ukiikuza sana unaona inatikisika kidogo, huku na huku, pale pale chini ya meza. Kaka anasema ni satelaiti tu, kifaa kikisimama huwa kinafanya hivyo.

Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo.