Kuonja Chokoleti Mchana wa Ramadhani

Ramadhani iliyopita nilikuwa kwenye duka la peremende na chokoleti pale Bagamoyo, naagiza zawadi za Idi, akaingia bibi mmoja wa mjini. Alitaka chokoleti za korosho za kuwagawia majirani.

"Shikamoo, bibi," muuzaji, binti anayezitengeneza mwenyewe, alimwamkia.

"Marahaba. Tamu hizi?"

"Tamu sana."

Bibi akainua kipande, akakinusa, akakirudisha. "Hata halua sinunui bila kuonja. Na leo mimi nimefunga, na wewe uliyezipika umefunga. Shahidi wetu nani?"

Ningekuwa mimi ndiye muuzaji, ningeanza kuapa. Yule binti alifungua friji, akatoa vipande vichache, akavifunga kwenye karatasi na kumpa kwa mikono miwili. "Nenda navyo, bibi. Ukishafuturu, onja. Visipokupendeza, usirudi."

Bibi akaondoka bila kuagiza kitu. Nikajisemea, hapo imekula kwake.

Kesho yake alasiri nilifuata mzigo wangu, nikamkuta bibi ameshafika.

"Umeonaje, bibi?" binti alimuuliza.

"Nimeona nini? Naswali magharibi, nageuka, karatasi tupu na wajukuu wanalamba vidole! Nifungie maboksi matatu, na moja nitalificha."

Sasa nyinyi wenye maduka ya peremende, mmebandika "Usiguse" kwenye kila kabati, halafu mnalalamika wateja hakuna. Bibi yule alinunua bila kuonja. Shahidi aliyemtosha ni vidole vya watoto, hivyohivyo mnavyovifukuza.