Nilivyolipwa kuwachekesha wachangiaji wa kampeni ya urais

Wakuu, amani iwe kwenu.

Jambo hili nimelikalia tangu kampeni zilizopita za urais. Majina ya watu na chama nayafukia, maana bado napenda kulala kwangu. Yaliyobaki ni kweli tupu, na sehemu kubwa inanichora mie mwenyewe.

Mie ni MC. Harusi, send-off, kitchen party, hadi ubarikio wa watoto. Naishi Boko, Dar, ndani kidogo kutoka barabara kubwa.

Mtaani kwetu kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua uliochimbwa nusu ukaachwa. Miaka mitatu. Mvua ikinyesha, maji yanafika mtaro unapoishia, yanakosa pa kwenda, yanaingia sebuleni kwa jirani yangu Bi Mwanaidi, mama mtu mzima muuza chapati. Kitanda chake kilikuwa juu ya matofali, miguu yote minne.

Sasa siku hiyo nikapigiwa simu na sista mmoja, mratibu wa kampeni ya mgombea urais. Alinionaga kwenye harusi huko Segerea. Akasema wana chakula cha mchana cha kuchangisha fedha za kampeni, ukumbi uko Mbweni, na mgombea mwenyewe atakuwepo.

"Kazi yako ni moja," akaniambia. "Wachekeshe. Mtu akicheka, mkono unaingia mfukoni wenyewe."

Nikaenda na suti ya kuazima.

Wakuu, mnaodhani kampeni inaendeshwa na sera, poleni. Pale nilisikia bajeti ya mabango, fulana, mafuta ya magari, wasanii, hadi maji ya kunywa. Sera ndo kitu pekee ambacho hakikuwa na bajeti.

Wafanyabiashara wakawa wanasimama mmoja mmoja. "Natoa kidogo nilichojaaliwa, kwa mapenzi ya nchi yangu." Halafu anataja tarakimu ambazo mie nazionaga kwenye namba za simu tu. Akimaliza anapita meza kuu kuacha business card. Mapenzi ya nchi yana business card, nilikuwa sijui.

Akasimama mkandarasi mmoja, nitamwita Mzee Lami. Alipotaja kampuni yake nikashtuka. Jina lile liko kwenye kibao cha mradi wa mtaro wetu! Na kibao ndo kitu pekee kilichokamilika pale mtaani.

Akatoa ahadi yake nono, watu wakapiga makofi. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Mzee wangu, shikamoo. Kumbe una mkono mwepesi hivi! Sie Boko tunaujuaga ule mzito. Kutoa, dakika moja. Kuchimba mtaro, miaka mitatu!"

Kijiko kilidondoka meza ya nyuma, nikakisikia. Sista kwa mbali anajipitisha kidole shingoni, yaani nikate.

Mara mgombea akacheka. Alicheka hadi miwani ikashuka puani. Basi ukumbi mzima ukacheka. Kuna jamaa alicheka kwa nguvu huku anamuuliza mwenzie nimesema nini.

Mzee Lami naye akacheka, akarudi kwenye mic. "Kijana kanipatia! Kwa utani huo, ahadi yangu iwe mara mbili!"

Vigelegele.

Clip ikasambaa. Mtaani nikawa shujaa. Bi Mwanaidi alinipa chapati mbili za bure: "Ahsante mwanangu, umetusemea."

Wiki iliyofuata sista akanipigia. Kuna harambee nyingine tatu, na malipo yamepanda. "Yule mkandarasi mwenyewe ameomba umpige utani uleule. Anasema na kitambi chake usikiache."

Nilitakiwa nishtuke hapo. Mtu nimemsema hadharani, anaagiza nimseme tena? Lakini nilikubali. Njaa sikuwa nayo. Nilinogewa tu kuchekewa na wakubwa.

Ikawa Mzee Lami anacheka kabla sijamaliza sentensi. Wachangiaji wengine wananivuta pembeni: "MC, na mie nitanie basi." Watu wanagombania kusemwa! Maana ukisemwa ukacheka, unaonekana muungwana, na hakuna anayekumbuka kuuliza kuhusu mtaro.

Kisha kampeni ikaja Boko kwetu.

Jukwaa likafungwa uwanja wa mpira. Juzi yake mvua ilikuwa imepiga. Mgombea yupo, Mzee Lami yupo kwenye viti vya mbele jukwaani. Sista akaninong'oneza: "Piga ile ya mkono."

Nikapiga.

Jukwaani wakacheka. Chini, hakuna hata jino. Majirani zangu wananitazama kama mtu anayeimba taarabu msibani.

Bi Mwanaidi alikuwa mbele kabisa, tope hadi magotini. Hakupiga kelele.

"Mwanangu, mara ya kwanza tulicheka tukidhani unamsema. Kumbe mnacheka naye?"

Wakuu, nimeshawahi kuchemka mbele za watu, ila ile ilikuwa aibu ya kutamani ardhi inimeze na suti yangu. Nikashuka zile ngazi, nikampa mic. Nyuma sista anaita, "MC! MC!"

Bi Mwanaidi akaishika kama mwiko.

"Mheshimiwa, karibu Boko. Mie sijui utani. Huyu mzee hela ya kukuchangia wewe kaipata. Ya kumalizia mtaro wetu iko wapi? Au ndo hiyohiyo?"

Mic ikakata. Wakapaza sauti kwamba jenereta imezima, na jenereta yenyewe tunaisikia inanguruma nyuma ya jukwaa.

Lakini watu walishadaka. "Ndo hiyohiyo?" Uwanja mzima. Safari hii Mzee Lami hakucheka. Mgombea akageuka kumtazama, mzee akawa anatafuta kitu kwenye simu. Mara spika zikapona kimiujiza, wakafungulia muziki wa singeli.

Mie nilifutwa kazi palepale kwa meseji.

Siku chache baadaye katapila likaja, likachimba siku mbili, likaondoka. Bi Mwanaidi sasa ameshusha kitanda kwenye matofali, analala bila hofu. Ila mtaro umeishia getini kwangu, na mvua ikinyesha, maji ni wageni wangu. Sijui kama ni bahati mbaya. Matokeo ya uchaguzi siyagusi, moderator ana familia.

Nilichojifunza: mwenye pesa akiufurahia utani wako, jua ameshaununua. Na anayelipwa kuchekesha ahakikishe anajua nani hacheki, na kwa nini.

Kama kuna MC, msanii au mtu wa jukwaa humu aliyewahi kupita njia hii, afunguke. Wa kunitukana nao karibuni, sitacheka.