Mapazia ya Cwm Derw

Ithel Prosser aliingia mgodi wa makaa wa kijiji cha Cwm Derw ana miaka kumi na mitatu, akatoka ana thelathini na tano. Aliyemtoa si Mungu, ni mtaa. Wachimba makaa walimpa kura aende Bungeni London, wake zao wakamchangia suti nyeusi, dada yake Hepsi akamfumia soksi. "Kawaseme hao mabwana," wakamwambia. Miaka tisa akawasema kweli. Halafu mabwana wakamkaribisha mezani, na mdomo uliojaa hausemi.

Mwaka 1931, serikali ilipotaka kukata posho ya wasio na kazi, Ithel akaunga mkono. Wakaja wakaguzi, wanaingia nyumba za watu, wanahesabu viti.

Oktoba akarudi kuomba kura tena. Akapanda mtaa kwa miguu, mchana kweupe. Nyumba ya kwanza, pazia limefungwa. Ya pili, limefungwa. Mtaa mzima. Na Cwm Derw mapazia hayafungwi mchana ila maiti ikipita. Ithel akavua kofia, maana adabu alifunzwa, akatembea polepole, kichwa chini, akijiuliza ni nani.

Hepsi alikuwa kapiga magoti mlangoni kwake, anasugua kizingiti.

"Dada Hepsi, nani kafariki?"

"We kofia unamvulia nani?"

"Sijui. Ndo nauliza."

"Ni wewe, mjinga. Maiti gani hii, inajisindikiza yenyewe!"

Uso ukamwaka moto. Akakwepesha macho, yakaingia ndani, yakakuta ukuta mtupu pale kilipokuwa kinanda cha mama yao.

"Kinanda kiko wapi?"

"Mkaguzi wako kasema kiuzwe kwanza, posho baadaye. Kile kile mama alichokufundishia nyimbo za kanisa."

"Sikujua watafika mpaka kwako, dada."

"Ahaa. Kwa jirani ulijua."

Ithel akageuka, akatazama pazia la jirani. Alijua. Kwa jirani alijua.

Hepsi akamwaga maji machafu karibu na viatu vyake vya London, akachukua ndoo, akaingia. Pazia la mwisho likafungwa.

Kura nazo akanyimwa. Lakini kilichomla mpaka uzeeni si kura. Ni ile safari ya kushuka mtaa, mapazia kushoto, mapazia kulia, kofia mkononi, na hakuthubutu kuivaa.