Matairi Mapya na Sikio la Mama

Mama hakutaka nibadilishe matairi. Alisema gari limekuja duniani na viatu vyake, na ukilivisha viatu vya kaka yake litajikwaa. Mimi nilikuwa na sababu nzuri za kumjibu: nauza masufuria kwa jumla Kariakoo, na kila wiki pikapu yangu inapeleka mzigo kwa wateja wa pembeni ya mji, kwenye barabara ambazo mvua huziacha mashimo matupu. Tumbo la gari lilikuwa limekwaruzwa mara tatu. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Ila ya kweli zaidi ni kwamba niliiona pikapu ya jirani yetu Magomeni imesimama juu ya matairi mapana, nikaitamani kama mtu anavyotamani gauni la mwenzake.

Fundi nilimpata Msimbazi, mtu wa Lindi, mpole, anayeongea huku akitazama rimu badala ya uso wako. Nilimwambia sitaki kuinua gari. Springi zibaki zilezile lilizotoka nazo kiwandani, maana napakia mzigo na sitaki liyumbe. Akapima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, akasema basi tutapanda saizi moja tu. Tukizidisha hapo, ukikata usukani mpaka mwisho, tairi litakula plastiki ya ndani ya madigadi, na plastiki nayo italila tairi. Alinionya pia kwamba usukani utakuwa mzito kidogo na gari litakunywa mafuta zaidi. Nilikubali yote kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuamua tangu nyumbani.

Tulienda Jumapili mchana, baada ya ibada. Mama alikuja akisema anataka kuwepo nitakapojuta. Fundi alimwamkia shikamoo, akamtafutia kiti kivulini. Mama akaitikia marahaba bila kumtazama, akakaa na kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani.

Kufunga matairi hakukuchukua muda. Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, nilisimama mbali kidogo nilitazame, na nakiri nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Nikaingia, nikakata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Kimya. Nikamwambia fundi kwamba kazi imekwisha.

"Gari tupu halisemi ukweli, dada," akasema. "Tulipakie kwanza."

Duka langu lilikuwa limefungwa, funguo ziko nyumbani, na masufuria yote yako ndani. Hatua chache kutoka pale, wapagazi wa sokoni walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, maana Jumapili mizigo ni michache. Fundi akawaendea, akawaeleza shida yetu. Walinyanyuka wote, wanane, wakapanda nyuma, na mmoja akaja na gunia la mchele begani, akisema yeye mwembamba, asije akatuangusha kwenye mtihani. Springi zikalala. Nafasi niliyokuwa nimeifurahia juu ya tairi ikabaki ya vidole viwili.

Fundi akapanda pamoja nao, akaomba kila mtu anyamaze. Mama, ambaye hakuna aliyemwita, akafungua mlango na kukaa pembeni yangu. Nikaendesha taratibu kuzunguka jengo la jirani. Nimeishi na Kariakoo miaka mingi, lakini sijawahi kuwaona wapagazi wanane wamekaa kimya, wameinamisha vichwa, wanasikiliza. Watu waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Nadhani walidhani tunatoka msibani.

Tulipomaliza mzunguko, fundi akasema hajasikia kitu. Wapagazi nao hawakusikia.

"Tairi la mbele kushoto," Mama akasema. "Linagusa kwa nyuma yake. Mkikata kulia."

Fundi akamtazama kwa heshima, lakini bila kuamini. Mimi ndiye niliyemwambia fundi kwamba mama huyu ameshona nguo miaka arobaini, na cherehani ilikuwa haiwezi kuumwa bila yeye kusikia, hata akiwa jikoni. Fundi akalala chini na tochi. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa anacheka: kwenye plastiki, kwa nyuma, palikuwa na alama nyeusi inayong'aa, ndogo kama kucha ya kidole gumba.

Akaikata sehemu ile kwa kisu, akakunja kwa nyundo ukingo wa bati uliokuwa nyuma yake. Mama sasa alikuwa amesimama juu yake, mkoba umeachwa kitini, anamuuliza kwa nini asikate na upande wa kulia vilevile, maana nguo haipunguzwi mkono mmoja. Fundi akakata na wa kulia.

Tukazunguka tena, wapagazi wote juu, na gunia lao. Tulirudi pale pale, nikamgeukia Mama.

"Sijasikia kitu," akasema. "Zunguka tena."

Nikamuuliza kama ana wasiwasi. Akasema hana. Basi tukazunguka mara ya tatu bila sababu yoyote, na safari hii hakuna aliyeambiwa anyamaze. Kule nyuma walipiga bodi ya gari kama ngoma, na Mama aliweka mkono nje ya dirisha akawapungia watu wa barazani, watu asiowajua.

Jioni tulirudi nyumbani kwa njia ya Jangwani. Vijana walikuwa wanacheza mpira nyuma ya ukuta, na Mama akaniambia nisimamishe. Alisema leo kwa mara ya kwanza anaona mpaka goli la pili, kwa sababu gari limepanda. Lilikuwa limepanda kwa inchi moja, pengine pungufu. Nilizima injini, tukatazama mpaka kipindi kikaisha.